Mume wangu anasema huko ni kwao, hakuna cha kujiandaa

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie, maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi. Baada ya wiki tisa tunasafiri watu wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka minne, na mama mkwe mwenye umri wa miaka 67, ambaye ana kisukari na hujichoma insulini mara mbili kwa siku. Tunakwenda nchi ya tropiki, alikozaliwa mume wangu. Aliondoka huko akiwa na miaka 19, sasa ana 38, na katika muda wote huo hajarudi hata mara moja. Mama naye ana zaidi ya miaka kumi hajapaona. Mimi nimezaliwa na kukulia kwenye baridi, na mtoto vilevile.

Tiketi tumeshalipia. Tulitafuta zile za nafuu, kwa hiyo njiani tutabadilisha ndege katika nchi nyingine na kusubiri uwanjani kwa saa 14.

Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja ananiambia nichanje chanjo zote zilizopo duniani. Mwingine ananionya kwamba vidonge vya kukinga malaria vinaharibu akili. Mume wangu ndiye ananimaliza nguvu kabisa: "Huko ni kwetu. Malaria nimeugua tangu utotoni, nimeizoea. Tukifika tutanunua dawa huko huko." Ameshapanga ratiba ya siku 21 yenye miji mitano, mingine pwani, mingine milimani, na safari mbili za basi la usiku ili tusipoteze mchana.

Shangazi, sitaki kugombana naye. Sijamwona na furaha ya namna hii kwa miaka mingi. Lakini usingizi sipati nikimfikiria mtoto na mama. Nianzie wapi? Na nitasemaje bila kuonekana napadharau kwao?

Mke asiyelala

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonishtua kuliko vyote si kisukari cha mama wala ubishi wa mumeo. Ni hizo saa 14 za uwanjani. Nianze hapo, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja hadi wiki ijayo, hili halingoji.

Homa ya manjano inapatikana katika baadhi ya nchi za Afrika na za Amerika ya Kati na Kusini. Asia haipo. Lakini mbu wa kuieneza Asia wanao tele, na ndiyo maana nchi nyingi zisizo na ugonjwa huu ndizo kali zaidi mpakani: hazimuulizi mgeni anakotoka tu, zinamuuliza na alikopitia. Nyingi huhesabu saa 12. Ukisubiri chini ya hapo kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa, unapita. Ukizidisha, unadaiwa cheti cha chanjo hata kama hukutoka nje ya jengo. Ninyi mna 14. Leo hii, kabla hujalala, tazama mambo mawili kwenye tovuti ya ubalozi wa nchi mnayokwenda na kwenye ile ya Shirika la Afya Duniani: je, mnapobadilisha ndege pana homa ya manjano? Na je, mnapokwenda wanadai cheti, au ugonjwa upo huko huko?

Kama jibu ni ndiyo, cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo muda mnao. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi. Mwambie mumeo na mama wapekue makaratasi yao. Wakiipata kadi waliyopewa zamani, wao wamemaliza.

Mama akikosa kadi, hapo ndipo pagumu. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa mtu aliyevuka miaka 60 anayeichanja kwa mara ya kwanza, madhara makubwa huwa mengi kuliko kwa kijana. Bado ni ya nadra, lakini daktari hupima faida na hatari kabla ya kumchoma. Akikataa kumchoma, huandika barua ya msamaha wa kitabibu, na uamuzi wa kuikubali hubaki kwa maofisa wa huko mnakoingia. Kwa familia nyingi jawabu jepesi kuliko yote limekuwa kubadilisha tiketi wapate ndege yenye kusubiri kwa muda mfupi, au inayopitia nchi isiyo na ugonjwa. Jawabu hilo linawafaa tu kama mnakokwenda kwenyewe hakuna homa ya manjano. Kama ipo, mama anahitaji mazungumzo marefu na daktari, wala msiyafupishe kwa sababu tiketi imelipiwa.

Sasa tuje kwa mumeo. Hasemi uongo, na nataka uanze kwa kumkubalia. Mtu aliyekulia penye malaria, akaumwa na mbu mwaka baada ya mwaka, mwili wake hujenga kinga ya nusunusu. Haizuii vimelea kuingia. Inapunguza makali yake tu. Ndiyo maana aliugua, akalala siku mbili, akarudi kucheza. Lakini kinga hiyo hulishwa na kuumwa mara kwa mara. Ukihama inaanza kufifia, na mumeo amekaa mbali miaka 19. Kwa mbu wa huko yeye ni mgeni kama wewe, ila wewe unajijua kuwa mgeni. Uingereza, Ufaransa na Marekani, wanaougua malaria baada ya safari wengi wao si watalii. Ni watu waliokwenda kuwatembelea ndugu, wakiamini kama anavyoamini yeye. Na binti yenu hakuirithi kinga ya baba yake. Hana hata chembe.

Kwa hiyo usimwambie kwao ni pa hatari. Mwambie mwili wake umesahau. Kisha usibishane naye sebuleni: weka miadi ya watu wanne kwenye kliniki ya wasafiri, umpe yeye kazi ya kueleza mtakapolala na mtakapopita, maana anayeijua nchi ni yeye. Mtu anayeulizwa habari za kwao hukaa akasikiliza na majibu.

Miadi hiyo iwe wiki hii au ijayo. Wiki sita hadi nane kabla ya safari ndio muda unaoshauriwa, na sababu yake ni ya kawaida tu: chanjo nyingine hutolewa kwa dozi zaidi ya moja, kwa mfano ya kichaa cha mbwa na ya homa ya ini B, na ile ya homa ya matumbo inataka kama wiki mbili mwilini kabla hujaanza kula ugenini. Chanjo za virusi hai, kama surua na homa ya manjano, ama zichomwe siku moja ama zipishane kwa takriban wiki nne. Mtoto wa miaka minne huenda anadaiwa dozi ya surua. Usipolitaja hilo mapema, mnaweza kujikuta mnachagua moja kati ya mbili.

Kuhusu vidonge vya malaria, uliza kwanza kama vinahitajika. Nchi ya tropiki si lazima iwe ya malaria. Sri Lanka ilithibitishwa mwaka 2016 kuwa haina malaria, na Cape Verde mwaka 2024. Na ndani ya nchi moja pwani yaweza kuwa nayo kwa wingi, milima ya juu isiwe nayo. Ikiwa mnakokwenda ipo, daktari atachagua miongoni mwa dawa tatu hivi. Anayekutisha kwamba vidonge vinaharibu akili anazungumzia mefloquine, na hakuizua habari hiyo: huwaletea baadhi ya watu ndoto mbaya na wasiwasi, wala haipewi mtu mwenye historia ya sonona au kifafa. Huanzwa wiki mbili au tatu kabla ya safari, ili ikikukataa ibadilishwe mapema. Doxycycline haifai kwa mtoto wa umri wa binti yenu, na hufanya ngozi iungue upesi juani. Ya tatu, atovaquone pamoja na proguanil, huanzwa siku moja au mbili tu kabla, na mtoto hupewa kwa kufuata uzito wake. Mama naye aende na orodha ya dawa zake zote, asiache hata moja, ndipo achaguliwe isiyogombana nazo.

Hakuna kidonge kinachokinga kikamilifu, kwa hiyo mbu wenyewe ni wa kuzuiwa. Anayeleta malaria huuma kuanzia machweo hadi alfajiri. Anayeleta homa ya dengue, ugonjwa mwingine wa mbu, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, na huyu ndiye watu humsahau, maana wanajipaka dawa jioni tu. Nunueni ya kupaka yenye DEET ya asilimia 20 au zaidi, mzingatie maelekezo ya umri kwa mtoto. Losheni ya jua itangulie, dawa ya mbu ipakwe juu yake. Chandarua chenye dawa chukueni chenu, kimoja kikubwa cha mama na mtoto. Hata kama mnakofikia kipo, huenda kina tundu. Na homa ikimpata yeyote mkiwa huko, nendeni kupimwa. Msimpe aspirini wala ibuprofeni kabla hamjajua ni nini, kwa sababu zikikutana na dengue huongeza hatari ya kutoka damu. Mpeni parasetamoli.

Insulini nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo niliyoona ikiharibu safari za watu waliojiandaa kwa kila kitu kingine. Haipandi kwenye mizigo ya tumboni mwa ndege hata mara moja. Kule inaweza kuganda, na insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Ikae kwenye begi la mkononi, na sindano pamoja na barua ya daktari inayotaja dawa zote kwa majina yake ya kitaalamu, maana majina ya kibiashara hubadilika nchi hadi nchi. Chukueni mara mbili ya mahitaji, mgawanye: nusu kwa mama, nusu kwako, ili begi moja likipotea mwendelee kuishi. Chupa zisizofunguliwa hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa kwa kawaida hudumu kama wiki nne nje ya friji, mradi joto lisipande sana. Soma kikaratasi chake, nyingi hutaja nyuzi 25 au 30 kuwa mwisho. Sasa fikiria gari lililoegeshwa juani saa saba mchana. Kuna vifuko vinavyoloweshwa maji tu vikapoza kwa mvuke bila umeme, tafuteni kimoja. Mkitumia barafu, isigusane na chupa.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hazijui: mwili ukipata joto, damu hukimbia zaidi kwenye ngozi na insulini hufyonzwa haraka. Dozi ileile aliyoizoea kwenye baridi yaweza kumshusha sukari ghafla. Apime mara nyingi zaidi wiki ya kwanza, na kitu kitamu kisitoke mkobani mwake. Vipimo vya karatasi navyo huharibiwa na joto na unyevu, vikae kwenye kopo lake lililofungwa. Na kama mnavuka majira ya saa, daktari amwandikie saa za kuchoma siku ya safari, kwa karatasi, siyo kwa mdomo.

Nikija kwenye ratiba, hapa namuomba mumeo anisamehe. Miji mitano kwa siku 21 ni mpango wa kijana wa miaka 19 aliyeondoka huko, hautamfaa bibi wa kisukari na mtoto wa miaka minne. Mwili uliozoea baridi huhitaji kati ya wiki moja na mbili kujifunza joto: kutoa jasho mapema zaidi, kutopoteza chumvi nyingi, moyo kutokwenda mbio. Siku tatu za kwanza ziachwe tupu. Lala, kunywa maji, tembea asubuhi na jioni. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni mtoto na mama wawe kivulini. Ningechagua miji mitatu, na ile ya mwisho iwe ya mapumziko.

Mabasi ya usiku futeni. Ajali za barabarani ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wasafiri wenye afya zao, na usiku barabara isiyo na taa, yenye mifugo na magari mabovu, ni barabara nyingine kabisa. Karibu na ikweta giza huingia upesi, kama saa kumi na mbili au saa moja jioni mwaka mzima. Hakuna zile jioni ndefu za kiangazi mlizozizoea. Kila safari ianze alfajiri imalizike kabla ya jua kuzama. Kama mnakodi gari, uliza kiti cha mtoto kabla ya kuondoka. Mara nyingi utalazimika kubeba chako.

Angalieni pia mvua, na muangalie ya kila mji, siyo ya nchi kwa ujumla. Kaskazini na kusini mwa ikweta misimu hupishana, na sehemu nyingi zilizo karibu na ikweta zina mvua mara mbili kwa mwaka. Kwenye visiwa na pwani ulizia vimbunga: Atlantiki msimu wake ni kuanzia Juni hadi Novemba, kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ni kuanzia Novemba hadi Aprili. Mvua ya tropiki yaweza kunyesha saa mbili ikaisha, na jua likawaka kama hapakuwa na kitu, ila ikiendelea siku tatu daraja laweza kwenda. Acheni siku mbili za akiba kabla ya ndege ya kurudi, na mzitumie karibu na uwanja.

Nguo ziwe za pamba au kitani, pana, mikono mirefu kwa ajili ya jua na mbu kwa pamoja. Na sweta. Watu hunicheka nikisema sweta, lakini joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000 unazopanda. Quito, mji mkuu wa Ekuador, uko karibu kabisa na ikweta na bado usiku ni baridi, kwa kuwa uko mita 2,850 juu ya bahari. Mumeo ametaja milima. Mwulize urefu wake.

Maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemka kwa dakika moja kamili, dakika tatu kama mko milimani juu ya mita 2,000. Hesabu na barafu, na maji ya kusukutulia mtoto mdomo. Beba pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini mtu akihara. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kwa mama kuhara si jambo la kusubiri lipite: sukari yake itayumba na asiache insulini kwa uamuzi wake mwenyewe, atafutiwe daktari siku hiyohiyo.

Mtoto mfundishe jambo moja kuliko yote, kwa maneno yake: mbwa, paka au nyani akimng'ata au kumkwaruza, aje kusema, hatapigwa wala kukaripiwa. Watoto huficha. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna tena cha kufanya. Viatu avae hata mchangani, na maji ya ziwa au mto uliotulia asiingie mpaka muwe mmeuliza habari za kichocho.

Makaratasi nayapitia haraka: pasipoti zote ziwe na miezi sita au zaidi na kurasa tupu, bima iandikwe wazi kwamba mama ana kisukari na igharamie kumsafirisha mgonjwa kwa ndege, na kama kuna dawa za maumivu zenye kodini uliza ubalozi kama zinaruhusiwa, nchi nyingine hazizitaki.

Limebaki moja, nalo lilinipata mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilirudi kutoka safari kama yenu. Nilikuwa nimemeza vidonge kila siku bila kukosa, na siku niliyotua nyumbani nikaviacha, nikiona nimeshamaliza. Siku ya 12 nikashikwa na baridi, kichwa na viungo. Nilikwenda kwa daktari nikamwambia nina mafua, sikumwambia nimetoka wapi, akanitibu mafua. Nilipoteza siku mbili hivyo, na nusura nisiwe wa kukuandikia. Baadaye ndipo nilipoelezwa: vimelea vikiingia hujificha kwanza kwenye ini wiki moja au zaidi, na dawa kama doxycycline na mefloquine hazivifikii humo, huvisubiri vikitoka kwenye damu. Ndiyo maana huendelea wiki nne baada ya kurudi. Ile ya atovaquone na proguanil hufika hadi kwenye ini, hivyo huendelea siku saba. Aina nyingine za malaria hulala humo miezi, hata mwaka.

Basi mkirudi, tarehe ya kidonge cha mwisho cha kila mmoja iwe kwenye kalenda. Na homa yoyote ndani ya mwaka mzima, neno la kwanza kwa daktari ni kwamba mmetoka nchi ya tropiki, awapime malaria siku hiyohiyo. Binti yenu hawezi kulisema hilo mwenyewe, liandikeni kwenye daftari lake la kliniki. Ukishapata jibu la hizo saa 14, na la daktari kuhusu mama, niandikie tena kabla hamjagusa tiketi.

Shangazi